Kamakura na Enoshima kwa siku moja: mwongozo kamili kwa anayeishi Tokyo

Kila jua likianza kukolea Tokyo, watu waliokwisha kwenda Kamakura hunijia na swali moja: mbona bahari hatukuifaidi? Ukiwauliza walivyokwenda, hadithi ni ile ile. Walitoka nyumbani saa nne asubuhi, wakashuka stesheni ya Kamakura karibu na adhuhuri, wakazama kwenye mtaa wa maduka ulio pale mbele, wakala, wakapanga foleni ya treni ndogo ya pwani, na walipofika kwa Buddha mkubwa lango lilikuwa limebakiza nusu saa kufungwa. Kisiwa cha Enoshima walikiona kwa mbali, taa zimeshawashwa.

Umbali hauna lawama hapa. Kamakura iko kama kilomita 50 kusini mwa Tokyo, mwendo wa saa moja kwa treni. Kinachowaponza ni mpangilio. Siku hii inatawaliwa na vitu viwili visivyomngoja mtu: malango ya mahekalu, ambayo mengi hufungwa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu jioni, na jua lenyewe. Kwa hiyo utaratibu wa hapa chini unaanza na Buddha asubuhi na mapema, unafuata reli ya pwani kuelekea magharibi, na unaishia ufukweni wakati wa machweo, hatua chache kutoka stesheni ya kurudia nyumbani. Mtaa wa maduka hatuupiti kabisa, na baadaye nitasema kwa nini.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Nikisema saa mbili asubuhi, kwenye ubao wa stesheni utaisoma 8:00.

## Vitu vya kuandaa usiku wa kuamkia safari

- Kadi ya ukaazi. Mgeni mkaazi mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anatakiwa na sheria kutembea nayo wakati wote. Aliyekuja kutembea tu abebe pasipoti.
- Suica au PASMO (kadi za kulipia nauli kwa kugusa lango) yenye salio la yen elfu mbili hivi, hata kama utanunua tiketi ya siku.
- Pesa taslimu yen 5,000, zikiwemo sarafu za yen 100. Dirisha la tiketi la hekalu na kabati la kukodi la mtindo wa zamani havijui kadi yako ya benki.
- Viatu vya kufungwa vyenye soli inayoshika. Kandambili weka kwenye begi, ni za mchangani tu.
- Taulo dogo na mfuko wa plastiki wa taka. Mapipa ya taka barabarani hakuna. Unachokula, mabaki yake unarudi nayo.
- Koti jepesi. Upepo wa jioni pale darajani hauna huruma hata mwezi wa tano.
- Chaji ya ziada ya simu, maana ramani na tafsiri vitaimaliza betri kabla ya saa tisa.

Bajeti ya mtu mmoja, kwa bei nilizozizoea: tiketi ya siku yen 1,640, Buddha 300, hekalu la Hasedera 400, mapango ya Enoshima 500, chakula 1,500 hadi 2,000. Yen 5,000 zinatosha na chenji inabaki. Bei hupandapanda, kwa hiyo zitazame tena wiki unayoondoka.

## Chagua siku, ndipo uchague nguo

Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku za kwenda. Kama kazi au shule inakubana na wikiendi pekee ndiyo yako, basi ratiba ya asubuhi ifuate kwa dakika, usijipe nafasi ya kuchelewa.

Epuka kabisa wiki ya sikukuu kati ya tarehe 29 Aprili na 5 Mei. Treni ya pwani hujaa hadi watu wanapanga foleni nje ya stesheni. Juni ni mwezi wa mvua na wa maua ya ajisai. Hasedera inapendeza, lakini foleni ya kupanda kwenye njia ya maua inaweza kukula nusu ya siku. Julai na Agosti ni za kuogelea, na ni joto la kukutoa jasho ukiwa umesimama kivulini. Agosti hadi Oktoba ni msimu wa vimbunga: hata kimbunga kikiwa mbali, mawimbi yake yanafika, na mapango hufungwa.

Ukitaka kuuona Mlima Fuji ukiwa ufukweni, nenda Desemba au Januari. Hewa ni kavu na mlima unasimama wazi upande wa magharibi. Kiangazi ukungu wa joto huufunika, na wengi hurudi wakiamini hauonekani kutoka huku.

## Hatua ya 1: Nunua tiketi sahihi, Shinjuku

Kwa anayeanzia Shinjuku, kampuni ya reli ya Odakyu inauza tiketi iitwayo Enoshima-Kamakura Freepass. Inakupa safari moja ya kwenda na kurudi kati ya Shinjuku na Fujisawa, na humo humo inakuruhusu kupanda na kushuka utakavyo siku nzima kwenye treni ya pwani ya Enoden, pamoja na kipande cha Odakyu kati ya Fujisawa na Katase-Enoshima. Inapatikana kwenye mashine za tiketi za Odakyu, ambazo zina kitufe cha kubadilisha lugha, na toleo la simu lipo pia.

Kwa nini hii: leo utashuka na kupanda Enoden mara kadhaa. Kulipa kila kipande kwa Suica kunazidi bei ya tiketi hii bila wewe kugundua.

Tahadhari mbili. Kwanza, tiketi hii haihusiki na treni za JR, ambayo ni kampuni nyingine ya reli. Ukiingia JR kwa kuvutiwa na treni iliyo karibu, unalipa upya. Pili, ukishanunua tiketi ya karatasi, usiguse lango kwa Suica kwa mazoea. Mkono unajipeleka wenyewe, hasa saa kumi na mbili asubuhi. Ingiza karatasi kwenye tundu, ichukue upande wa pili, itie mfukoni.

Anayeishi upande wa stesheni ya Tokyo, Shinagawa au Yokohama, njia yake nyepesi ni JR, reli ya Yokosuka, moja kwa moja hadi Kamakura. Kutoka Shinjuku nako kuna JR ya Shonan-Shinjuku. Hapa ndipo wengi hupotea: treni ya kwenda Kamakura ni ile iliyoandikwa Zushi (逗子) au Kurihama. Iliyoandikwa Odawara au Hiratsuka inafuata reli nyingine. Ukijikuta humo usipanike, shuka Ofuna na ubadilishe. Ukifika Kamakura, tokea upande wa magharibi, nunua tiketi ya siku ya Enoden (huitwa Noriori-kun, yen 800), panda na ushuke kituo cha tatu, Hase. Kuanzia hapo uko pamoja nasi.

Utajua umefaulu ukiwa na tiketi mkononi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

## Hatua ya 2: Panda treni inayokwenda Fujisawa

Tafuta treni ya haraka, kaisoku-kyuko, iliyoandikwa Fujisawa (藤沢). Safari ni kama saa moja.

Neno Fujisawa lisome mara mbili kabla ya kuingia. Treni za Odakyu hugawanyika njia pale Sagami-Ono: nyingine zinakwenda Odawara (小田原), kuelekea milima ya Hakone. Ukisinzia kwenye treni ya Odawara utaamka unaangalia milima badala ya bahari. Kama iliyopo ni ya Odawara, ipande tu, lakini ushuke Sagami-Ono na kubadilisha.

Treni nzuri yenye viti vya kupangwa, Romancecar, inadai nyongeza juu ya tiketi yako, na kiti chake kinanunuliwa kabla ya kupanda. Kwa safari ya asubuhi sioni sababu ya kuilipia.

Fujisawa, toka nje ya lango la Odakyu upande wa kusini, vuka daraja la waenda kwa miguu na ufuate vibao vya Enoden. Stesheni yake imo ndani ya jengo la maduka lililo mbele yako. Hapo reli ya Enoden inaanza: kilomita 10, stesheni 15, sehemu kubwa njia moja tu, kwa hiyo treni hupishana kwenye vituo na haziwezi kuongezwa hata watu wawe wengi kiasi gani. Ndiyo maana asubuhi ni asubuhi. Saa mbili kasoro unakaa kitini. Saa tano unasimama kwa mguu mmoja.

Panda, pita Enoshima bila kushuka (tutairudia), pita bahari bila kushuka, shuka Hase (長谷).

Onyo kwa wanaotumia Suica: stesheni ndogo za Enoden hazina milango ya kujifunga. Kuna nguzo tu yenye kisomeo. Usipogusa wakati wa kuingia au kutoka, kadi itakataliwa kituo kinachofuata, na utabaki unajieleza kwa Kijapani cha kuokoteza. Mwenye tiketi ya siku anaionyesha tu na kupita.

## Hatua ya 3: Buddha mkubwa, kabla ya mabasi ya watalii

Kutoka Hase ni mwendo wa dakika saba hadi kumi kwa miguu, barabara ni moja, watu wote wanaelekea huko huko. Hekalu linaitwa Kotoku-in na hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kuanzia Aprili hadi Septemba hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, miezi mingine saa kumi na moja.

Sanamu ni ya shaba nyeusi, kimo chake mita 11.3, ukihesabu na msingi mita 13.35, uzito tani 121. Ilianza kusubuliwa 1252. Imekaa wazi, bila paa, milima nyuma yake. Simama kwanza kwa mbali, karibu na lango, ndipo usogee; ukiikaribia mno kwa haraka, uso wake unapotea.

Kwa yen 50 zaidi unaingia ndani ya tumbo la sanamu. Humo ni pembamba, giza, na kiangazi ni tanuri. Lakini ndipo unapoona shaba ilivyomwagwa tabaka kwa tabaka na kuungwa, mishono yake yote iko wazi. Mimi nasema ingia.

Ndugu zangu Waislamu na Wakristo huniuliza kama kuingia ni ibada. Umelipa kiingilio, umetazama, umetoka. Hakuna anayekudai kuinama, kuchoma ubani wala kununua hirizi. Kinachotakiwa ni utulivu na kofia mkononi. Yale maji yenye kata za kuchotea pale mlangoni ni ya kunawa mikono, usiyanywe.

Utajua umefaulu ukiweza kupiga picha yenye watu wasiozidi kumi. Kufikia saa nne hilo halipo.

## Hatua ya 4: Hasedera, kisha mguu majini

Unaporudi kuelekea stesheni, kata kulia kwenye kibao cha Hasedera. Ndani kuna sanamu ya mbao ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, yenye kimo cha mita 9.18. Hiyo hairuhusiwi kupigwa picha, na usijaribu kwa kujificha. Cha kupiga ni mandhari: pale juu kuna uwanja wenye mabenchi unaotazama ghuba yote ya Kamakura. Ngazi ni za mawe na mvua ikinyesha zinateleza.

Juni, tiketi ya njia ya ajisai ni nyingine mbali na kiingilio, na unapewa namba ya kusubiri. Chukua namba kwanza, ndipo uzunguke kwingine.

Kisha shuka hadi ufukwe wa Yuigahama, chini ya dakika kumi kutoka stesheni ya Hase. Sasa, niseme ukweli kwa watu wa pwani. Aliyekulia Nungwi, Paje au Diani asitarajie mchanga mweupe wala maji ya rangi ya feruzi. Mchanga hapa ni wa kijivu, maji yana kijani kilichochafuka kidogo. Uzuri wake uko kwingine: ghuba iliyokumbatiwa na milima, wateleza mawimbi wenye mavazi meusi hata Januari, wazee wakitembeza mbwa.

Kuogelea ni msimu wa Julai hadi mwisho wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, wakati vibanda vya ufukweni vimefunguliwa na waokoaji wapo. Ogelea kati ya bendera zao. Nje ya msimu hakuna wa kukuokoa, ishia magotini. Baada ya katikati ya Agosti yavuyavu huongezeka na wanachoma. Na ufukwe wa Shichirigahama utakaouona ukiwa kwenye treni, pamoja na kupendeza kwake, si wa kuogelea: mkondo wake unavuta.

Tsunami. Hili lisome taratibu. Pwani hii inatazama bahari ambayo matetemeko yake yako karibu. Lile la Kanto la mwaka 1923 lilileta tsunami hapa hapa muda mfupi baada ya ardhi kutikisika. Ukiwa ufukweni na ardhi ikatikisika kwa nguvu, au kwa muda mrefu hata kama ni polepole, usisubiri king'ora wala ujumbe wa simu. Panda juu: Hasedera ni mlima, Enoshima ni mlima. Tangu 2020 waokoaji hutumia pia bendera ya miraba minne, miwili myekundu na miwili myeupe. Ukiiona inapepea, toka majini na ukimbilie juu. Namba za dharura: 119 gari la wagonjwa na zimamoto, 110 polisi, 118 walinzi wa pwani.

## Hatua ya 5: Treni ya pwani, upande wa kushoto

Karibu na saa tano na robo, rudi Hase, kisha panda Enoden ya kuelekea Fujisawa. Simama au kaa upande wa kushoto. Baada ya Inamuragasaki nyumba zinafunguka ghafla na bahari inajaa dirishani.

Shuka Kamakurakokomae. Jukwaa lenyewe linatazama bahari, na unaweza kuketi benchi la stesheni ukaiangalia bila kulipa chochote. Hatua chache kutoka hapo kuna kivuko cha reli kilichopata umaarufu kupitia katuni ya mpira wa kikapu, na utakuta umati na simu zimeinuliwa. Piga picha ukiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Barabara ni ya magari yanayokwenda kasi, na wenyeji wamechoka na watu wanaosimama katikati au kupanda kwenye vizingiti vya nyumba zao. Dakika ishirini zinatosha, treni inayofuata inakuja.

Kati ya Koshigoe na Enoshima, treni inaacha njia yake na kupita katikati ya barabara, magari yakiipisha, madirisha ya maduka yakiwa karibu kuguswa. Watoto hulipenda hili kuliko Buddha.

## Hatua ya 6: Chakula, na vita na mwewe

Chakula cha pwani hii ni shirasu, samaki wadogo mno, chini hata ya dagaa wachanga, wanaomwagwa juu ya bakuli la wali. Kuna wa kuchemshwa na kuna wabichi. Wabichi hupatikana siku ambayo boti zimetoka tu, na kuanzia Januari hadi karibu tarehe 10 Machi uvuvi wake umefungwa. Wa kuchemshwa wapo mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza ndio ninaopendekeza.

Asiyekula nguruwe wala pombe ajue kwamba hata bakuli la samaki linaweza kuwa na mirin (pombe tamu ya mchele ya kupikia) au sake (pombe ya mchele) kwenye mchuzi. Uliza kabla. Kwenye pakiti za konbini, yale maduka madogo ya kila kona, tafuta herufi 豚 (nguruwe), 酒 (pombe) na みりん (mirin). Anayetaka amani kamili abebe chapati zake kutoka nyumbani, hakuna atakayemshangaa.

Ila usizilie ufukweni ukiwa umesimama wazi. Mwewe wa kwetu anachukua kifaranga. Wa hapa anachukua mkate mkononi mwako. Wanazunguka juu kimya, wanashuka kutoka nyuma, na kucha zake zinakwangua. Vibao vya onyo vyenye picha ya mwewe vimejaa, na watu wanavisoma wakiwa wanatafuna. Kula ukiwa chini ya paa, au mgongo ukiegemea ukuta. Chakula kisichokuwa mdomoni kiwe ndani ya mfuko. Akishakipata, mwachie, kung'ang'ania ndiko kunakoleta damu. Ukikwaruzwa, osha kwa maji na sabuni mara moja.

## Hatua ya 7: Enoshima, mpaka mapangoni

Kuna stesheni tatu zenye jina hili na zinachanganya: Enoshima ya Enoden, Katase-Enoshima ya Odakyu, na Shonan-Enoshima ya treni ya kuning'inia. Sasa unashuka ya kwanza. Jioni utarudi kwa ya pili. Kati ya zote na kisiwani unatembea, dakika kumi hadi kumi na tano, ukivuka daraja refu.

Uwe umevuka daraja kabla ya saa saba na nusu mchana. Sababu: mapango ya Iwaya yako mwisho wa kisiwa, upande wa pili, na yanafungwa saa kumi na moja jioni, miezi ya baridi saa kumi. Kisiwa kinaonekana kidogo, mzingo wake ni kama kilomita nne, lakini hakuna njia ya tambarare. Unapanda mpaka kileleni, kisha unashuka tena mpaka usawa wa bahari. Halafu unarudi hivyo hivyo. Hapa ndipo magoti ya watu yanapogoma.

Mwanzoni mwa ngazi kuna ngazi za umeme za kulipia zinazoitwa Escar. Zinapandisha tu, hazishushi, na hazifiki mapangoni. Mwenye afya azipite. Mwenye mtoto mgongoni azilipie bila kuona haya.

Ukipanda utapita madhabahu ya kwanza ya Kishinto, Hetsumiya, kisha Nakatsumiya, kisha bustani yenye mnara wa taa wa mita 59.8 uitwao Sea Candle. Mnara uache kama muda umekuponyoka. Endelea mpaka Okutsumiya, halafu ngazi zinashuka kwa kishindo hadi Chigogafuchi, jukwaa la mawe bapa linalopigwa na mawimbi. Wavuvi wa ndoana wako pale siku zote. Maji yakipwa unaweza kutembea juu ya mawe, lakini yana ukoga wa kijani unaoteleza kama sabuni. Viatu vya kufungwa nilivyokuambia ni kwa ajili ya hapa.

Mlango wa mapango uko mbele kidogo. Ndani unapewa mshumaa kwenye kibao kidogo cha mbao, dari inashuka hadi unainama, maji yanadondoka shingoni. Pango la kwanza lina urefu wa mita 152, la pili mita 56. Upeo wa mshumaa ni hatua mbili mbele yako, na sauti ya bahari inakuja kutoka nyuma. Kwa yen 500, ndicho kitu bora cha siku nzima.

Bahari ikichafuka mapango hufungwa. Ukiona mawimbi meupe ukiwa bado darajani, uliza kwenye ofisi ya taarifa kabla ya kuzitesa ngazi zote zile.

Kurudi: bahari ikiwa shwari, boti ndogo ya Benten-maru huchukua watu kutoka Chigogafuchi hadi kando ya daraja kwa dakika chache. Haina ratiba ya kuitegemea siku za upepo. Ikiwepo, ipande.

Utajua umefaulu ukiwa umerudi darajani na angalau nusu saa kabla ya jua kuzama.

## Hatua ya 8: Machweo, na treni ya kurudi

Jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni Desemba mwanzoni, na saa moja jioni mwishoni mwa Juni. Angalia saa ya siku yako. Wa kiangazi wana saa mbili za ziada. Watumie kuogelea upande wa Katase, fukwe za msimu ziko hapo hapo.

Nenda ufukwe wa Katase Nishihama, magharibi mwa daraja. Kisiwa kinakuwa kushoto kwako, na hewa ikiwa safi Fuji iko kulia mbele. Usibaki Chigogafuchi kungoja machweo kama hujawahi kuzipanda ngazi zile usiku.

Stesheni ya Katase-Enoshima ni ile yenye jengo la mtindo wa kasri la baharini, kijani na nyekundu, huwezi kuipita. Ingiza tiketi yako ya siku. Treni nyingi zinaishia Fujisawa, kwa hiyo shuka hapo na ubadilishe kwenda Shinjuku (新宿). Nyingi zinaanzia Fujisawa, maana yake ukiiacha moja na kusimama mbele ya mstari wa inayofuata, unapata kiti.

Kwa wanaosali: kibla kutoka huku ni magharibi ukielekea kidogo kaskazini, na ufukweni baada ya jua kuzama kuna nafasi tele ya kutandika mswala. Reli ya Odakyu pia inapita Yoyogi-Uehara, kabla tu ya Shinjuku, ulipo msikiti wa Tokyo Camii. Mwenye Freepass amuulize mfanyakazi wa stesheni kabla ya kushuka njiani.

Foleni ya Enoden ikiwa ndefu wakati wa kurudi kwa wale waliokuja na JR, msipange. Tembeeni hadi Shonan-Enoshima mpande treni ya kuning'inia: dakika 14, kilomita 6.6 juu ya mabonde na mapaa ya nyumba, inawashusha Ofuna, na Ofuna kuna JR ya kwenda Tokyo.

## Kwa nini tumeuruka mtaa wa maduka

Komachi-dori, mbele ya stesheni ya Kamakura, una aiskrimu ya viazi vitamu na zawadi za kila aina. Una pia msongamano ambao mji wenyewe umeuchoka: tangu 2019 Kamakura ina kanuni inayowaomba watu wasile huku wakitembea kwenye umati. Vitu vingi vya pale utavipata pia kwenye mtaa wa kuingilia Enoshima. Mwisho wa Komachi-dori kuna Tsurugaoka Hachimangu, madhabahu makubwa ya mji, na hayo yanastahili siku yake, pamoja na mahekalu ya Kita-Kamakura yaliyo jirani. Ukiyabana humu, unarudi kwenye ile safari ya bahari gizani.

## Ukiwa na watoto, wazee au mvua

Watoto wadogo na wazee: fuata hatua ya 1 hadi ya 5, kisha Enoshima ishieni darajani na mtaa wa kuingilia, mkae ufukweni mapema. Buddha hana ngazi za kuchosha, Hasedera anazo. Kigari cha mtoto kiache nyumbani, mbebe mgongoni kwa kanga.

Mvua ya kawaida: mahekalu yanapendeza zaidi na foleni zinakatika. Acheni Chigogafuchi na mapango, na badala yake ingieni akwariamu ya Enoshima, jengo la kutazama viumbe vya bahari, iliyo kando ya Katase Nishihama. Kimbunga kikitajwa kwenye utabiri: ahirisha, hata kama kwako Tokyo jua linawaka.